Kompyuta inasema ina virusi 312 na inataka dola 39.95: nilipe?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kompyuta ya duka langu la steshenari hapa Morogoro, ya Windows 10, ikiwashwa tu, kabla sijafungua kitu, linajitokeza dirisha la programu nisiyokumbuka kuiweka. Inakagua kwa sekunde chache, kisha inasema imekuta virusi na programu za ujasusi 312. Nikibofya kusafisha inanipeleka kulipa dola 39.95 kwa kadi. Antivirusi niliyokuwa nayo imegoma kufunguka. Fundi anasema nilipe, au nimpe elfu ishirini apige window upya, yaani afute yote na kuweka Windows mpya. Nifuate lipi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Usilipe, na usikubali window ipigwe leo. Kinachohitaji kuondolewa kwanza ni hiyo programu inayodai malipo, na haitajiondoa kwa kulipwa. Kupiga window haraka haraka kabla ya kuhamisha faili nako ndiko kunakowapotezea wenye maduka ankara, barua za wateja na hesabu za mwaka mzima. Kompyuta ya namna hii mara nyingi husafishika kwa saa mbili tatu ukienda taratibu.

Hiyo ni antivirusi feki, na ujanja wake ni wa siku nyingi. Kufikia 2005 tayari kulikuwa na SpySheriff na WinFixer, zilizokuwa zikitisha watu kwa orodha za virusi visivyokuwepo. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing, iliyosajiliwa Belize na kuendesha shughuli zake kutoka Kyiv, Ukraine. Tume ilidai kwamba zaidi ya watu milioni 1 waliingizwa mjini wakanunua WinFixer, DriveCleaner, ErrorSafe, XP Antivirus na ndugu zake, kwa bei ya kuanzia dola 39.95. Mwaka 2012 mahakama ya Maryland iliamuru mshtakiwa mmoja alipe zaidi ya dola milioni 163. Kama unavyoona, bei uliyotajiwa wewe haijapanda hata senti. Wameichagua kwa akili: inauma, lakini haimfikishi mtu polisi.

Sasa hiyo 312 inatoka wapi? Ziko njia tatu, na programu moja inaweza kuzitumia zote. Ya kwanza ni kubuni tu: orodha ya majina ya kutisha imeandikwa tayari ndani ya programu, inapitishwa kwenye skrini bila faili hata moja kusomwa. Ya pili ni kuhesabu takataka za kawaida, yaani vidakuzi (cookies) vya kivinjari, faili za muda na mabaki ya programu za zamani kwenye rejista ya Windows (daftari lake la mipangilio), kisha kuziita vitisho. Ya tatu ni ya kishenzi zaidi: programu inapanda yenyewe faili zisizo na kazi, zenye majina ya ajabu ajabu, halafu inajifanya imezigundua.

Wala hili si la wahuni wa gizani peke yao. Machi 2019 maduka ya Office Depot ya Marekani pamoja na kampuni ya Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC. Kwa mujibu wa tume, mteja alipopeleka kompyuta dukani ikaguliwe, mfanyakazi alianza kwa maswali manne: je, inakwenda polepole, inapata virusi, inajizima, inarusha matangazo? Kisanduku kimoja tu kikitiwa alama, majibu ya ukaguzi yalikuwa tayari yameamuliwa kwamba kuna dalili za programu hatari, na mteja akauziwa matengenezo ya mamia ya dola. Mashine ilikuwa inarudia kile mteja mwenyewe alichosema mlangoni.

Ukitaka kujiridhisha, ipime hiyo programu yako. Angalia muda kwanza. Diski ya kompyuta ya kawaida ina faili laki kadhaa, na antivirusi ya kweli ikikagua zote huchukua nusu saa au zaidi. Sekunde chache ni filamu. Kisha chukua "virusi" vitatu vinne kwenye orodha yake, uone kama inataja folda vilipo. Kama haitaji, au ukienda huko hukuti kitu, umeshapata jibu. Kipimo cha tatu ni faili ya EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, ambayo watengenezaji wa antivirusi walikubaliana wote wayatambue kama jaribio, na yanapatikana kwenye tovuti ya eicar.org. Antivirusi inayofanya kazi huidaka palepale. Programu inayodai imeona virusi 312 ikipitwa na EICAR mbele ya macho yake, hiyo haikagui kitu. (Usiligeuze jaribio hili kinyume, lakini. Kuidaka EICAR peke yake hakuthibitishi kwamba programu ni ya kweli.)

Kabla ya dawa, niwatenganishe wasomaji wengine, kwa sababu wengi wenye malalamiko yanayofanana na yako hawana programu yoyote iliyoingia. Kama onyo linatokea ndani ya kivinjari, limejaza skrini, linapiga kelele na lina namba ya simu, huo ni ukurasa wa wavuti tu. Ukurasa hauwezi kukagua diski yako. Ndiyo maana ukurasa uleule humwonyesha mtu "diski C" hata akiwa anatumia simu. Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao hayabebi namba ya simu. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa skrini irudi, funga ukurasa. Ukigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, kizime, na ukikifungua tena usikubali kirudishe kurasa za mwanzo. Kama onyo linachungulia pembeni chini kulia na lina jina la tovuti kwa maandishi madogo, hiyo ni arifa ambayo wewe au kijana wa dukani aliiruhusu siku alipobofya "Allow" ili athibitishe kwamba yeye si roboti. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications, ondoa kila tovuti usiyoijua. Imekwisha. Watu wamelipia kupigwa window kwa sababu ya arifa!

Na kwa kuwa ukurasa hauwezi kuingia wenyewe, siku hizi unakuomba uuingize kwa mkono wako. Utaambiwa ubonyeze kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, eti ni uthibitisho au matengenezo. Umebandika amri ya kupakua programu hatari na kuiendesha. Hakuna tovuti halali inayohitaji hivyo.

Turudi kwako. Dirisha lako linatokea kabla kivinjari hakijafunguliwa, na antivirusi imezuiwa. Hiyo imeingia na imejipanga kuwaka pamoja na Windows.

Anza kwa kukata intaneti: chomoa kebo au zima modemu. Programu hizi huvuta nyingine kutoka mtandaoni, na kila dakika ikiwa hewani unapigana na adui anayeongezewa askari. Kisha nakili nyaraka zako kwenye flashi: faili za Word, Excel, PDF, picha. Usinakili programu wala chochote kinachoishia na .exe. Ukikuta folda tupu, usipige yowe. Mwaka 2010 na 2011 zilienea programu feki zilizojifanya kugundua diski mbovu, zikazificha faili zote na kuhamishia njia za mkato za menyu kwenye folda ya faili za muda, ndani ya folda iitwayo smtmp. Zilikuwepo zote, zimefichwa tu. Kwa sababu hiyo usikimbilie kufuta faili za muda mwanzoni, ingawa mafundi wengi ndiko wanakoanzia. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -s -h /s /d "%userprofile%\Documents\*" na nyaraka zilizofichwa kwa mtindo huo zitarudi kuonekana.

Sasa ingia kwenye hali salama (Safe Mode). F8 ya enzi za Windows 7 haifanyi kazi hapa, usijichoshe kuigonga. Shikilia Shift huku ukibofya "Restart" kwenye menyu ya kuzima. Skrini ya bluu ikija pita "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza namba 4. Mawili huwakwamisha watu hapa. Kompyuta yenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows yenyewe, itadai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo utafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft ukitumia simu. Pia PIN wakati mwingine hukataliwa kwenye hali salama, hivyo uwe unaikumbuka nywila yenyewe.

Katika hali salama, programu nyingi zinazojiwasha haziwashwi, na hiyo feki pengine italala. Ukitumia kompyuta nyingine iliyo safi, pakua Autoruns, programu inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, kutoka tovuti ya Microsoft, ilete kwa flashi, uiendeshe kwa haki za msimamizi. Kwenye menyu ya "Options" ficha vitu vya Microsoft ili macho yasizidiwe. Kisha soma sehemu tatu kwa makini: "Logon", "Scheduled Tasks" na "Image Hijacks".

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza kwa nini antivirusi yako imegoma. Windows ina sehemu ya rejista iitwayo Image File Execution Options, iliyowekwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu: unaiambia Windows kwamba faili yenye jina fulani ikiitwa, ianzishwe kwanza programu nyingine. Matapeli huandika humo majina ya antivirusi zote maarufu, na mbele yake wanaweka programu isiyokuwepo au ya kwao. Ukibofya antivirusi yako, Windows inakwenda kwingine kwa utii kabisa. Kwa kuwa kizuizi kinafuata jina la faili, njia ya mkato ya mafundi wa siku nyingi ni kuipa faili ya kusafishia jina jingine, tuseme mchicha.exe, nayo inafunguka. Kwenye Autoruns ukikuta jina la antivirusi yako chini ya "Image Hijacks", hilo futa.

Kwenye sehemu nyingine mbili usifute kwa pupa, ondoa alama ya tiki tu, maana unaweza kuirudisha. Tafuta kitu kisicho na jina la mchapishaji, chenye jina la herufi za hovyo, kinachoishi ndani ya AppData au ProgramData badala ya Program Files. Lakini eneo pekee halitoshi kumhukumu mtu: Zoom na programu nyingine halali nazo hukaa AppData. Bofya kulia faili, fungua "Properties", uangalie kama kuna "Digital Signatures" na jina la kampuni unayoijua. Ukishampata mhusika, andika pembeni alipo, ondoa tiki, washa kompyuta kawaida bila intaneti, uone kama dirisha limenyamaza.

Likinyamaza, ndipo uende "Settings", "Apps", upange kwa tarehe ya kuwekwa na uiondoe kwa utaratibu, pamoja na vitu vilivyoingia siku ileile. Hili lifanyike kwenye hali ya kawaida, kwa sababu huduma ya Windows Installer haifanyi kazi kwenye hali salama na utapata ujumbe wa hitilafu usio na maana. Baadhi zitakubembeleza wakati wa kutoka: punguzo la nusu bei, maswali matatu, kitufe kikubwa cha kubaki na kidogo cha kuondoka. Soma kabla ya kubofya. Isiyo na njia ya kuondolewa, futa folda yake kwa mkono kule ulikoandika.

Hapo wengi huwasha intaneti, wakakuta haifanyi kazi, wakadhani wameharibu mashine. Hawajaharibu. Programu hizi mara nyingi hupitisha mtandao kwenye seva ya kati iliyo ndani ya kompyuta yako mwenyewe, anwani 127.0.0.1; ukiondoa programu, kivinjari kinaendelea kugonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nenda "Network & Internet", "Proxy", uzime kipengele cha kutumia seva hiyo. Fungua pia faili ya hosts, inayoweza kuielekeza kompyuta kwingine unapotaja tovuti fulani, iliyoko C:\Windows\System32\drivers\etc, kwa Notepad ya msimamizi. Mistari inayoanza na alama ya # haina kazi. Ukikuta chini yake mistari inayotaja tovuti za antivirusi au za Microsoft, ifute, uhifadhi.

Kabla ya kukagua, tazama kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukipita. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Manage settings", kisha shuka hadi "Exclusions". Hapo panaandikwa maeneo ambayo Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ameambiwa asiyaguse. Ukikuta diski C nzima, Defender anaweza kukagua mpaka kesho akakuambia kila kitu ni salama. Ondoa vyote usivyoviweka wewe. Halafu washa intaneti, sasisha Defender, nenda "Scan options" uchague "Microsoft Defender Offline scan". Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa muda wa kama robo saa, na programu iliyojificha haipati nafasi ya kujitetea. Baada yake pitisha Malwarebytes ya bure mara moja kama jicho la pili. Usiweke antivirusi tatu kwa pamoja. Zinagombania faili zilezile na mashine inakuwa kobe.

Fundi akija na Microsoft Safety Scanner, kikaguzi cha virusi cha Microsoft, kwenye flashi yake, muulize ameipakua lini. Hiyo huisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa, na nakala ya mwaka jana ni mzigo tu.

Kuhusu kadi. Hujalipa, vizuri. Aliyekwisha kulipa asihesabu kwamba amepoteza dola 39.95 tu: namba ya kadi iko mikononi mwa watu wasiojulikana, na mara nyingi malipo yamewekwa yajirudie. Apigie benki siku hiyo hiyo, kadi ifungwe na muamala upingwe. Kwa kawaida ukomo wa kupinga muamala wa Visa ni siku 120, lakini benki zinasikiliza vizuri zaidi lalamiko la jana kuliko la miezi mitatu. Kama alitumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, aifute atengeneze nyingine. Na kama kuna mtu alipiga simu akaweka AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, eti "kusaidia", hapo simsisitizi asafishe. Apige window, kwa sababu hatujui yule mtu aliacha nini. Nywila za barua pepe na benki zibadilishwe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, si hiyohiyo.

Kupiga window, basi, ni haki lini? Pale programu inaporudi baada ya haya yote, Defender anapokataa kabisa kuwaka, au mtu alipoingia kwa mbali. Hata hapo sharti ni Windows ya kutoka Microsoft, iliyotengenezwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa chombo chao wenyewe, Media Creation Tool. Laptopu nyingi zilizonunuliwa na Windows halali hujitambulisha zenyewe zikiunganishwa na intaneti, bila kuingiza namba yoyote. Na kwa kuwa Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kama mashine yako inaimudu Windows 11, hiyo ndiyo ya kupiga.

Nasisitiza hili kwa sababu ya swali ambalo hukuuliza: iliingiaje? Kwenye kompyuta za maduka ya kuchapisha kuna milango miwili mikubwa. Mmoja ni programu za bure zinazopakuliwa kwenye tovuti za kubahatisha, ambapo kitufe kikubwa cha kijani ni tangazo na cha kweli kimejificha chini, na ukibofya "Next" mara nne umekubali programu tatu za ziada. Mwingine ni Windows na Office za magendo. Kile kiprogramu cha kuzifungua huja na maelekezo ya kuzima Defender kwanza na kuweka folda yake kwenye ile orodha ya "Exclusions". Fundi anayepiga window ya elfu ishirini kwa flashi ya namna hiyo anakurudishia kompyuta inayong'aa, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Kwa hiyo akimaliza kazi, kabla hujamlipa, kaeni wote wawili mbele ya skrini mfungue ukurasa wa "Exclusions". Ukiwa na kitu, muulize ni cha nini.